Kuta Changa, Mahali pa Kale: Majengo ya Kihistoria Kuzunguka Mwanza

Barabara itokayo katikati ya jiji la Mwanza kwenda uwanja wa ndege hupita Kirumba, kisha ikafika Pasiansi, kata inayojulikana nchi nzima kwa chuo chake cha askari wa wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966. Ziwa liko upande mmoja. Upande wa pili vinainuka vilima vya mawe ya graniti yaliyobebana, jiwe juu ya jiwe, na nyumba zimejibana katikati yake hadi karibu na kilele. Kutoka hapa msafiri anaweza kuyafikia majengo yote muhimu ya kihistoria ya upande wa kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria, mengine kwa daladala, mengine kwa kivuko. Lakini ni lazima ajue anachokitafuta. Aliyezoea magofu ya Kilwa Kisiwani au nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar akija na macho yale yale atapita mbele ya historia bila kuiona.

Karibu hakuna ukuta wowote wa ukandani humu unaozidi miaka mia moja na hamsini. Sababu yake ni vifaa. Wasukuma, Wakerewe, Wazinza, Wajita na majirani zao walijenga msonge: nguzo zinasimikwa kwa duara, fito zinafungwa kwa kamba za magome, ukuta unakandikwa udongo, na juu yake linakaa paa la nyasi lenye ncha ambalo huteremka hadi karibu na ardhi. Nyumba ya namna hiyo ina baridi mchana na joto usiku, na hustahimili vizuri mvua za ziwani. Adui zake ni mchwa na kuoza. Nyasi huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na nguzo zikishaliwa, mwenyewe hajengi kiraka. Hujenga msonge mwingine kwa kipimo kile kile, kando ya ule wa zamani au mahali papya kabisa. Hata makao ya mtemi yalihama. Neno ikulu, ambalo Watanzania wote sasa wanalitumia kwa makao ya rais, katika Kisukuma na Kinyamwezi lilikuwa jina la makao hayo ya mtemi, na mara nyingi mtemi mpya alijenga ikulu yake mbali na pale alipokaa mtangulizi wake.

Kwa hiyo kilichodumu ni umbo la nyumba na mahali iliposimama. Mahame ya zamani, ambayo katika lugha nyingi za ukanda huu huitwa itongo, hutambulika kwa uzio wa minyaa uliokua ukawa miti mizima, kwa makaburi, na kwa mawe ya kusagia. Jiwe la kusagia ni kitu cha kutazamwa kwa utulivu. Katikati yake pamechimbika shimo refu, laini kama kiganja, kwa sababu wanawake walipiga magoti mbele yake kila siku, mama na baadaye mkwe wake, wakisaga mtama na uwele kwa jiwe dogo la mkononi. Ukuta ulikwisha kurudi udongoni zamani, lakini kazi iliyofanyika ndani yake bado inaonekana.

Mahali pazuri pa kuliona umbo la msonge likiwa zima ni Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma. Mwanzilishi wake ni Padre David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Kanada, aliyefika Bujora mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Akishirikiana na wazee na vijana wa pale alikusanya ngoma, viti vya enzi, mikuki, vyombo vya waganga na mavazi ya wachezaji, na mwaka 1968 makumbusho yakaanzishwa rasmi. Alifariki mwaka 1986.

Kanisa la Bujora ndilo jengo linalostahili muda mrefu zaidi kuliko mengine yote ya safari hii. Ni la duara, na paa lake linapanda kwenda nchani kama paa la msonge, ingawa vifaa vyake ni vya kisasa. Altare imeundwa kwa mfano wa kiti cha enzi cha mtemi. Anayeingia mara ya kwanza huona kanisa. Anayekaa kidogo hugundua kwamba ameketi ndani ya nyumba ya Kisukuma iliyokuzwa, na kwamba Kristo amepewa mahali ambapo mtemi angekaa. Jengo hilo lilisimamishwa katika miaka ya 1950, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wakati ambapo makanisa mengi ya misheni Afrika yalikuwa bado yakijengwa kwa mfano wa yale ya Ulaya, yenye matao na minara. Uamuzi wa kujenga duara ulihitaji ujasiri, na ndio unaolifanya kuwa jengo la kihistoria hata kama umri wake ni mdogo.

Nje ya kanisa, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za tawala mbalimbali za Usukuma. Ngoma ya utemi haikuwa ya kuchezea. Ilipigwa mtemi anaposimikwa, anapofariki au nchi inapoitwa kwa jambo zito, na aliyeimiliki ndiye aliyeimiliki nchi. Banda jingine ni la vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mashindano ya wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mpaka leo ushindi hupimwa kwa watu: timu mbili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na ile inayovuta umati mkubwa zaidi ndiyo iliyoshinda. Mashindano hayo huonekana Bujora kila mwaka kuzunguka sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni kwa kawaida, katika tamasha liitwalo Bulabo, yaani maua. Ipo pia nyumba ya mhunzi, ya mganga, na kaya nzima ya Kisukuma. Anayeweza kupanga safari yake aipange kwa Bulabo, kwa sababu mabanda yale yalijengwa kwa ajili ya vitu vinavyotumika, na ngoma hueleweka zaidi ikipigwa kuliko ikiwa imetundikwa.

Kurudi pwani ya ziwa, kaskazini mashariki ya Pasiansi, kuna Kageyi katika wilaya ya Magu. Leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari kuu ya kusini mwa ziwa, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu na watumwa walipitishwa hapa, na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Songoro aliendesha shughuli zake hapa. Mpelelezi Henry Morton Stanley aliwasili tarehe 27 Februari 1875, akaunganisha vipande vya mashua yake Lady Alice iliyobebwa mabegani na wapagazi tangu pwani, na mwezi Machi akaanza kulizunguka ziwa lote. Mwenzake Frederick Barker alibaki kambini Kageyi na kufia hapo mwezi Aprili, kabla mashua haijarudi. Miaka miwili baadaye walifika wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliokuwa njiani kwenda Buganda. Mmoja wao, Dakta John Smith, alizikwa hapo hapo. Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill waliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877 katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na Songoro.

Majengo ya Kageyi yenyewe yamekwisha. Kilichobaki ni makaburi, ufuko na historia inayosimuliwa na wenyeji. Mtu asiende peke yake na kamera. Aanze kwa mwenyekiti wa kijiji, aeleze alichokuja kutazama, apate mwenyeji. Majina ya wazungu wawili watatu waliofia hapa yameandikwa vitabuni, na ya maelfu waliopitishwa hapa kwa minyororo hayakuandikwa. Ndiyo maana masimulizi ya wazee wa Kageyi yana uzito kuliko kaburi lolote.

Upande wa kusini mwa jiji, karibu na Kigongo katika wilaya ya Misungwi, ipo Bukumbi. White Fathers walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882 walirudi kusini mwa ziwa na mwaka 1883 wakafungua misheni hapo, ya kwanza ya Kikatoliki katika Usukuma. Jina lake la awali lilikuwa Kamoga. Kutoka Bukumbi mapadre walitawanyika kwenda Ukerewe, Bukoba na kurudi Uganda, na ni hapo Jean-Joseph Hirth alipowekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1890. Misheni za zamani za ukanda huu hufuata mpango mmoja unaotambulika haraka: kanisa refu la tofali za kuchoma, nyumba ya mapadre yenye baraza pana pande zote, shule, zahanati, na njia ya miembe inayoelekea mlangoni. Miembe ilipopandwa ndipo misheni ilipoanza. Ukubwa wa mashina ni kalenda nzuri kuliko rangi ya ukuta, ambayo hupakwa upya mara kwa mara. Tangu Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu kutoka Kigongo hadi Busisi, limeifanya Bukumbi kuwa njiani kwa wote waendao Sengerema na Geita.

Mjini Mwanza kwenyewe mabaki ni machache na yametawanyika. Wajerumani waliufanya mji huu kituo chao mwaka 1892, wakauandika Muansa, na Waingereza wakauteka Julai 1916. Juu ya kilima kiitwacho Robert Koch, katikati ya jiji, ipo nyumba ya Kijerumani iliyochakaa. Kilima kilipewa jina la mtaalamu wa vijidudu aliyekuja ziwani mwaka 1906 kutafiti ugonjwa wa malale, ulioua watu wengi mno visiwani na ufukoni. Kwenye mzunguko wa barabara chini kuna mnara wa saa wenye kibao kinachosema kwamba tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza zamani kabla yake. Katika mitaa ya biashara bado yamesimama maduka ya ghorofa moja ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, waliofuata nyayo za Alidina Visram, tajiri aliyefungua maduka kuzunguka ziwa lote kabla ya Vita vya Kwanza. Maduka hayo yana roshani nyembamba na nakshi za saruji juu ya madirisha, na yanapungua mwaka hadi mwaka, kwa kuwa kiwanja chake sasa kina thamani kuliko jengo.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Njiani, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela ni vituo vilivyozaliwa nayo. Malya ina la ziada: mwaka 1946 tawala za watemi ziliunganishwa kuwa Shirikisho la Usukuma, na makao yake yakawekwa hapo. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Majengo ya zama hizo na majineri ya pamba yaliyosambaa vijijini ndiyo ushahidi wa uchumi uliowazaa viongozi kama Paul Bomani na, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Ni mabanda ya bati, hayana uzuri wa picha. Mkulima wa Usukuma aliyepigania mzani wa haki aliusimamisha ushirika wake kwenye milango ya mabanda hayo, na hilo latosha kumfanya mgeni asimame.

Ukerewe ni safari ya siku mbili. Kivuko kutoka Mwanza huchukua mwendo wa saa tatu hivi hadi Nansio, na kisiwa chenyewe, chenye kilomita za mraba zipatazo 530, ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika. Bukindo, bara ya kisiwa, ipo ikulu ya Mtemi Gabriel Ruhumbika, aliyetawala kuanzia 1907 hadi 1938. Aliijenga mwaka 1928. Hii ni ikulu ya aina nyingine kabisa na ile ya nyasi: jumba la mtindo wa kikoloni, lenye kuta nene na baraza pana, ambalo lilikusudiwa lisihame. Ndani ya uamuzi huo imo historia nzima ya kipindi. Chini ya utawala wa Waingereza, waliotawala kupitia watemi, mtemi alipokea mshahara, aliweka vitabu vya kodi na kumpokea Mkuu wa Wilaya barazani. Msonge usingeweza kubeba kazi hiyo. Mrithi wake, Michael Lukumbuzya, ndiye mtemi wa mwisho wa Ukerewe.

Kutoka ukoo huo huo wa watemi alitoka mtu aliyefanya kwa maneno kile ambacho Bujora ilikifanya kwa saruji. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kuishi karibu na misheni ya Kagunguli, aliyaweka maisha ya Wakerewe wa kale katika riwaya aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981, nakala za kitabu chake zikiwa bado hazijamfikia. Anayekwenda Ukerewe akisome kwanza. Nyumba, ghala, jiko na ua wa Mkerewe, ambavyo leo havionekani kisiwani, vimo humo pamoja na watu waliovitumia.

Mashariki, katika mkoa wa Mara, ipo Butiama. Makao ya ukoo wa Mtemi Nyerere Burito yako juu ya kilima cha mawe paitwapo Mwitongo, jina lenye asili ile ile ya itongo. Hapo alizaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, na hapo amezikwa. Makumbusho yanayobeba jina lake yalifunguliwa mwaka 1999. Jeshi la Wananchi lilimjengea nyumba kubwa kuliko ile ya awali, naye aliingia humo muda mfupi tu kabla ya safari ya matibabu London, alikofariki tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo. Mgeni hufanya vizuri kuanza kwenye mawe nyuma ya nyumba, penye makaburi ya wazazi wake, ndipo ashuke kwenye makumbusho. Kwa mpango huo anaona kwanza kaya, halafu serikali.

Ng'ambo ya magharibi, Bukoba ni safari ya peke yake. Emin Pasha alianzisha kituo hapo mwaka 1890. Waingereza waliishambulia ngome ya Wajerumani Juni 1915 na kuibomoa, na tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 likaharibu majengo mengi yaliyokuwa yamesalia. Kashozi, misheni ya mwaka 1892, na misonge ya Wahaya inayohifadhiwa vijijini vinatosha kumvusha msafiri ziwa.

Majengo yote haya yana tatizo moja la kisheria ambalo wageni wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Kipimo hicho kiliifaa pwani, yenye misikiti na makaburi ya karne nyingi. Huku ziwani hakuna jengo linalokifikia. Ikulu ya Bukindo, nyumba ya Robert Koch, kanisa la Bujora, vyote ni vichanga mbele ya sheria, na vitalindwa tu iwapo waziri atavitangaza kimoja kimoja.

Wakati huo mvua haingoji tangazo. Nyumba za zama za kikoloni mara nyingi zimejengwa kwa mawe au tofali zilizounganishwa kwa udongo au chokaa, na nguvu yake yote iko kwenye paa. Bati moja likichukuliwa na upepo wa ziwa na lisirudishwe, maji huingia kwenye kichwa cha ukuta, udongo huyeyuka, na ndani ya misimu michache ya masika pembe huanza kufunguka. Fundi mwenye nia njema akiziba ufa kwa saruji ngumu huongeza ubaya, kwa kuwa unyevu uliomo hukosa pa kutokea na huikata tofali kwa ndani. Dawa ni ya bei ndogo: bati zima, mfereji safi, chokaa badala ya saruji, na mchwa kuchunguzwa kwenye kenchi kila kiangazi. Wajenzi wa misonge walifanya hivyo hivyo kwa nyasi, kila baada ya miaka michache.